Gharama ya Kukaa Kama Msichana

Jambo lote liligharimu kondoo mmoja jike, mayai arobaini na moja, na mguu wangu wa kushoto kwa wiki tisa. Nimehesabu mara mbili. Mara ya kwanza nilipata mayai arobaini, kisha nikakumbuka lile moja lililopasukia mfukoni mwa sketi, na mimi yai lililopasuka silisamehe.

Nisingeyakumbuka haya kama si harufu. Juzi nilikuwa mnadani Katesh, nimesimama mbele ya magunia yangu ya vitunguu saumu, mteja ananitajia bei ambayo hata mwizi angeona haya kuitaja. Pembeni yangu mama mmoja akafungua chupa ya mafuta ya kondoo. Harufu ile nzito, ya moshi na mkia wa mnyama, ilipofika puani, vidole vya mguu wangu wa kushoto vikajiinua vyenyewe ndani ya kiatu, kama mwanafunzi aliyesikia jina lake likiitwa. Mteja akadhani nataka kumpiga teke, akapandisha bei. Nikamshukuru mama wa mafuta kimoyomoyo, na njiani kurudi nyumbani nikawa mtoto wa miaka kumi tena, pale kijijini Daudi, nje ya mashine ya kusaga.

Ninyi wa rika langu mnaikumbuka foleni ya mashine. Mtu hakusimama kwenye foleni; ndoo yake ndiyo ilisimama. Unaweka ndoo yako ya mahindi nyuma ya ya mwisho, unahesabu zilizo mbele, kisha unakwenda kivulini. Mimi nilihesabu mara mbili, kwenda na kurudi, kwa sababu kuna watu wana ndoo zenye miguu. Kila Jumamosi Mama alinituma kusaga, na kila Jumamosi niligundua tena kuwa nafasi kwenye foleni ni mali. Kina mama walikuwa wanashuka kutoka milimani na mahindi kichwani na mayai ya kuuza dukani mkononi. Mwenye mgeni nyumbani anataka kusaga haraka. Basi tunabadilishana: ndoo yake inakuja mbele, yangu inarudi nyuma, na yai moja linahamia kwangu. Mwenye mtoto mgongoni, yai moja. Mwenye msiba, bure, maana hata biashara ina Mungu wake.

Ndoo yangu ilirudi nyuma mpaka jioni, na nyumbani nilisema ukweli mtupu: "Foleni, Mama. Foleni ilikuwa ndefu."

Mayai yalikwenda mlango wa pili. Ukuta uleule wa mashine, kwa nyuma, kulikuwa na chumba cha Kaka Amosi: jenereta moja, TV moja ya kichogo, gemu moja ya mpira, padi mbili za kuchezea, zilizofungwa kwa mpira wa baiskeli. Yai moja, mechi moja. Kaka Amosi alipenda chipsi mayai kuliko alivyopenda pesa, au labda alijua watoto wa wakulima wana kuku kabla hawajawa na shilingi. Mwenye kushinda anabaki, mwenye kufungwa anatoka. Mimi nilikuwa nabaki. Naweza kusema hivyo bila kujisifu; hesabu ipo.

Wavulana walikaa kwenye benchi, miguu wameitupa huku na huku kama wamepanda punda. Mimi, msichana peke yangu, nilipewa kreti ya soda karibu na TV. Mwanzoni nilikaa kama wao. Kisha siku moja mlango ukaingia giza, na giza lile lilikuwa Shangazi Martha.

Shangazi Martha ni dada yake Baba. Alikuwa ameolewa Balangdalalu, akafiwa na mume, akarudi kwetu na sanduku moja la nguo na maagizo yasiyo na idadi. Nilijua nimekwisha. Nikasimama nusu, nikasema, "Shikamoo, Shangazi." Akaitika marahaba bila kunitazama usoni. Hakutazama TV. Hakutazama mayai yaliyopangwa kwenye kikapu cha Kaka Amosi. Alitazama sketi yangu.

"Paulina! Magoti!"

Nikabana magoti.

"Hivyo ndivyo msichana anavyokaa? Mguu juu ya mguu. Funika. Kaa kama msichana hata kama umekaa na punda."

Akaondoka. Wavulana wakacheka mpaka mechi ikasimama. Lakini mimi niliona nimepata biashara nzuri sana: sikufukuzwa, sikushtakiwa, bei yake ilikuwa mguu wa kushoto juu ya wa kulia. Nikalipa. Tangu siku ile nilikaa hivyo, kila mechi, kila Jumamosi, goti limebana juu ya goti kama kufuli, nisije nikaonekana sina adabu.

Sasa lazima niwaeleze ujinga wangu, maana bila huo hamtaelewa yaliyofuata. Kwenye ile gemu nilikuwa na mchezaji wangu, winga wa kushoto, mwembamba, mwenye mbio. Chini ya jina lake kulikuwa na mstari wa kijani. Akikimbia, mstari unafupika. Akikimbia sana, unakuwa mwekundu, na mtu wangu anaanza kujivuta kama ng'ombe wa kiangazi.

"Hiyo ni pumzi yake," Kaka Amosi aliniambia. "Ikiisha, hana miguu tena. Mpumzishe, itajaa."

Nililiweka neno lile mahali ninapoweka bei.

Ilikuwa Jumamosi ya mashindano. Nilikaa asubuhi ndoo ikiwa ya tano, nikashinda, nikashinda tena, nikauza nafasi, nikashinda. Mashine ilipokutana na mahindi magumu ukuta ulitetemeka na picha ikacheza, lakini mimi sikutikisika. Sikwenda kunywa maji. Sikwenda kujisaidia, maana ukitoka umepoteza padi. Vumbi la unga lilipenya tundu za ukuta likatua kwenye nywele zetu, na mwisho wa siku tulikuwa wazee wote. Winga wangu nilimkimbiza pembeni bila huruma, mstari wake mwekundu tangu kipindi cha kwanza. Kaka Amosi alipozima jenereta nikasimama, na mguu wa kushoto haukusimama na mimi.

Nilianguka juu ya kreti. "Paulina kalewa!" akapiga kelele Gwandu, mpinzani wangu, ambaye nilikuwa nimemtoa mara sita. Nikacheka nao. Ganzi, nikasema. Nikapiga mguu chini, nikasubiri sisimizi. Sisimizi hawakuja. Goti lilikunjika, paja lilitii, lakini unyayo ulining'inia kama kitambaa kilicholowa, na vidole nilivipa amri ya kuinuka navyo vikanitazama tu.

Nikabeba ndoo ya unga kichwani nikapanda kilima, nikiinua goti juu kama jogoo kwenye matope ili vidole visikwame, na kila hatua unyayo ukitua: pa. Niliihesabu ile pa mpaka mlangoni. Na njia nzima nilijua tatizo ni nini. Nilikuwa nimeimaliza pumzi. Mchezaji ni winga wa kushoto, mguu ni wa kushoto, mstari ulikuwa mwekundu siku nzima. Ilikuwa hesabu rahisi kuliko zote nilizowahi kufanya, na niliihakiki mara mbili.

Nyumbani kila mtu alikuwa na jibu lake. Baba alitafuta mwiba. Mama alisema nimechoka, foleni hizi zitamuua mtoto, na nikainamisha kichwa. Shangazi Martha alisema ni uvivu umeshuka mguuni. Bibi, mama yake Baba, aliushika unyayo, akauachia ukaanguka, akaushika tena, akauachia ukaanguka.

"Huyu amekanyaga pasipokanyagwa," akasema. "Hapa panataka kondoo."

Kwetu mtoto ana kondoo wake. Wangu nilipewa na Bibi mwenyewe akiwa bado ananyonya, jike mwekundu mwenye mkia mnene, nikamwita Tajiri. Sikumwita hivyo kwa utani. Nilikuwa nimeshahesabu: mvua ijayo wawili, mvua ya pili wanne, na nikifika sekondari nina zizi, sihitaji kumwomba mtu sanduku wala godoro. Na dawa ya mguu ni mafuta ya mkia, na kondoo anayefaa kuchinjwa ni wa mgonjwa mwenyewe. Bibi alisema, "Kondoo wako ndiye anayekujua."

Ningeweza kusema palepale. Neno moja, na Tajiri angeishi. Lakini neno hilo lingefunga chumba cha Kaka Amosi, lingetoa mayai hadharani, na lingenipa viboko ambavyo sikuhitaji kuvihesabu. Nami nilikuwa na njia ya bei nafuu. Pumzi ikiisha, mpumzishe, itajaa. Nilihitaji kurudi kwenye gemu na kumwacha winga wangu asimame.

"Bibi," nikasema, "nisubirini mpaka Jumamosi. Mguu usiporudi, mchinje."

 Nadhani Bibi alifurahi kuona mtoto anamtetea mnyama. "Haya. Jumamosi."

Wiki nzima nilikwenda shuleni na fimbo, nikiitwa Jogoo. Jumamosi Mama hakutaka nitoke. Nikamwambia mahindi yanaweza kusukumwa kwa toroli, na toroli lenyewe ni kama mguu wa tatu. Nikafika mashine, nikaweka ndoo, nikaingia chumba cha Kaka Amosi, nikayatoa mayai yote niliyokuwa nimeyaficha nyuma ya magunia yake.

Niliketi kwenye kreti. Mguu wa kushoto nikaupandisha kwa mikono juu ya wa kulia, goti juu ya goti, kwa adabu. Nikachukua padi. Winga wangu akasimama kwenye mstari wa pembeni na mimi sikugusa kitu.

Gwandu alifunga moja. Akafunga mbili. Akafika tisa, furaha ikamtoka.

"We Paulina, unacheza mpira au unachunga?"

"Napumzika."

"Basi toka, umefungwa. Sheria ni sheria."

Nikalipa mayai mawili, langu na lake, ili nibaki. Mechi iliyofuata nikalipa mawili tena. Wavulana waliona jambo la ajabu: mtu ananunua kufungwa. Sikuwajali. Nilikuwa natazama mstari wa kijani, mrefu, umejaa pomoni, na kila baada ya muda natazama chini vidole vyangu. Nikajiambia unga haujai ndoo kwa dakika moja. Nikakaa. Mchana ukapita. Kaka Amosi alinitazama mara mbili tatu, akasema, "Paulina, huumwi wewe?" nami nikasema naumwa ndiyo maana nipo hapa. Mayai yalipokwisha, nikataka kusimama nione faida yangu, na safari hii ganzi ilikuwa imepanda mpaka karibu na goti.

Ndipo nilipolia. Sikulia kwa maumivu, hayakuwepo, na kutokuwepo kwake ndiko kulinitisha. Kaka Amosi alinipakia kwenye baiskeli yake, unga haujasagwa, akanisukuma kilima kizima, kijana wa watu, jasho linamtoka, akijua anapeleka kesi yake mwenyewe nyumbani kwa mlalamikaji.

Tulipoingia uani ngozi nyekundu ilikuwa imeshatandazwa juu ya ua.

"Bibi! Tulisema Jumamosi!"

"Na leo ni nini?" Bibi aliuliza. Hakukuwa na ubaya sautini mwake. Mikono yake ilikuwa inang'aa mafuta. Hakuna aliyemuuliza Kaka Amosi kitu; aliniteremsha, akageuza baiskeli, akashuka kilima.

Sikusema Jumamosi asubuhi wala jioni. Niliwauzia watu nafasi miezi mitatu, nikijua thamani ya kila dakika ya foleni, na kwenye mkataba mkubwa wa maisha yangu nikasahau saa. Tangu siku ile sikubaliani na mtu siku bila saa. Wanunuzi wa vitunguu wananiona msumbufu. Wao hawajawahi kuchinjiwa kondoo kwa kukosa saa.

Nilichuliwa na mafuta ya Tajiri usiku na asubuhi. Nilikunywa kijiko. Nilifungwa ukanda wa ngozi yake kifundoni. Jumapili katekista aliniombea. Jumatatu unyayo ukasema pa, na Baba akaniweka nyuma ya pikipiki ya jirani, tukaenda kituo cha afya.

Daktari alikuwa mama mfupi, miwani yake imefungwa kwa uzi. Baba alianza kueleza mambo ya kukanyaga. Daktari akamsikiliza kwa heshima yote, lakini macho yake yalikuwa kwenye benchi nilipokaa. Akainama, akaweka vidole viwili upande wa nje wa goti langu la kushoto, chini kidogo, penye kifupa. Akagonga. Kitu kama umeme kilishuka mpaka vidoleni. Ilikuwa habari ya kwanza kutoka kule chini kwa siku tisa.

"Binti, wewe hukaa hivi siku zote?"

"Ndiyo, shikamoo."

"Marahaba. Kwa muda gani?"

"Inategemea foleni."

"Foleni ya nini?"

Nikamtazama Baba. Nikapima. Kondoo ameshaliwa, mayai yameshaliwa, kilichobaki mezani ni mguu. Nikasema yote, tangu ndoo mpaka padi, na nikamalizia na swali lililokuwa linaniumiza: "Daktari, pumzi ya mchezaji imeshajaa. Kwa nini yangu haijaja?"

Akavua miwani. Hakucheka, na kwa hilo namheshimu mpaka leo.

"Yule wa kwenye TV hana mshipa, mwanangu. Wewe unao. Hapa nilipogonga, mshipa wa fahamu unapita juu juu, kama waya ambao haukufukiwa. Ndio unaoinua vidole. Umeukalia kwa goti lako mwenyewe, asubuhi mpaka jioni, na ulipougua ukaenda kuukalia tena. Umebanwa. Haujakatika. Utarudi, lakini polepole."

"Ningekaa kama wavulana?"

"Mshipa huu usingebanwa."

"Shangazi amekataza."

Daktari akamtazama Baba. Baba akautazama ukuta, akasoma tangazo la chandarua mpaka mwisho.

"Usifurahi sana," daktari akaniambia. "Na hao wavulana siku yao ipo. Mtu akikaa kutwa, damu inatuama miguuni, kifundo kinavimba, mgongo unapinda, na macho yanakauka kwa kukodoa. Hukai vibaya tu, unakaa mno. Umewahi kuona ng'ombe anacheua? Analala, kisha anaamka, anageuka upande. Nani amemfundisha? Kila mechi moja ikiisha, simama, toka nje, zunguka, rudi."

Njiani nilisubiri viboko. Baba aliendesha mpaka tulipoanza kupanda, ndipo akasema, kama anayejisemea, "Kumbe ulikuwa unakaa vizuri." Hayo tu. Viboko sikupata. Ila usiku ule nilimsikia akiongea na Shangazi Martha, sauti ya chini, na neno nililolisikia mara mbili lilikuwa magoti.

Wiki tisa. Bibi aliendelea kunichua, na daktari alisema mafuta hayadhuru, mikono ndiyo inayosaidia. Siku kidole gumba kilipoinuka, upana wa punje ya hindi, Bibi alipiga kigelegele peke yake uani. Hakuwahi kuniuliza habari za gemu. Alikufa akiamini Tajiri ndiye aliyenirudishia mguu, na mimi siwezi kuapa kwamba alikosea kabisa.

Mnangoja niseme kwamba niliacha. Sikuacha. Wiki ya kumi nilirudi kwa Kaka Amosi, nikakataa kreti, nikacheza nimesimama, miguu mbali kama nguzo za geti. Nikamfundisha sheria mpya naye akaitangaza: mechi ikiisha, wote nje, mzunguke mashine, asiyezunguka anapoteza zamu. Gwandu alinung'unika kuliko wote, na alizunguka. Shangazi Martha alipita tena, akasimama mlangoni.

"Msichana anacheza amesimama kama mchunga ng'ombe wa Balangdalalu!"

"Shikamoo, Shangazi," nikasema, na sikukaa.

Nawaambia rika langu haya kwa sababu nawaona. Wengine mko ofisini, wengine nyuma ya kaunta, wengine mmekaa juu ya pikipiki kijiweni mnangoja abiria, na simu ziko mkononi, mpira uleule, mstari uleule wa kijani. Msiniambie gemu ni shetani. Mimi shetani huyo nilimjua, na alitenda haki. Na msiniambie adabu haijamdhuru mtu. Simameni tu, mzunguke. Haina gharama, na mimi si mtu wa kulisema neno hilo hovyo.

Mwezi uliopita nilimpeleka binti yangu Neema, ana miaka minane, kumsalimia Shangazi. Bado ana nguvu, bado ana sanduku lake. Neema alikaa kwenye kigoda na simu yangu, miguu kaitupa huku na huku. Nikamwona Shangazi anavuta pumzi.

"Neema! Mago..."

"Neema," nikamkatisha, kwa mara ya kwanza maishani mwangu, "simama. Zunguka nyumba mara mbili. Ukirudi, kaa unavyotaka."

Mtoto akatoka mbio. Tukabaki wawili, Shangazi na mimi, tunasikiliza nyayo zake zikizunguka, zote mbili, sauti moja.

Basi Shangazi, kwa kuwa najua utasomewa haya na mjukuu wako, naomba nikudai kwa heshima. Shikamoo. Mayai niliyala mwenyewe kwa ujinga wangu, hayo nayafuta. Wana wa Tajiri na wana wa wana wake siwadai, ingawa nimewahesabu, mara mbili. Nadai kondoo mmoja. Jike, mwekundu, mkia mnene, awe wa Neema. Mlete Jumamosi, saa nne asubuhi.